Sio kila mguu mkubwa ni matende

Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, na ambaye sijamgusa basi habari za jioni. Wazee wangu shikamooni. Mwalimu mkuu asante kwa nafasi, ingawa uliponiambia dakika kumi na tano nilicheka moyoni, fundi baiskeli umpe kiti na watu wa kumsikiliza alafu umwambie dakika kumi na tano, tutatokea Maghrib hapa.

Wengi mnanijua, mi ndo yule fundi wa barabara ya 12 hapa Ngamiani, fundi mwenye mguu. Msijifanye hamjui, ndo mnavoniita, "peleka kwa yule fundi mwenye mguu", utadhani nyie wengine mnatembelea matumbo. Sina kinyongo, nina miaka 43 nimeshazoea. Ila kuna kijana wa darasa la tatu hapa hapa shuleni yeye hajazoea, na wiki mbili nzima amegoma kuja shule kisa wenzie wamempa jina la Matende. Ndo sababu mwalimu kaniita. Mi sio daktari, niliseme hilo mapema asije mtu kesho akaniletea majibu ya vipimo pale kijiweni nimsomee, ninachokijua nimekijua kwa kuulizauliza madaktari na kwa kuubeba huu mguu kila siku.

Sasa mama zangu mtanisamehe napandisha suruali.

Huu wa kushoto. Hili baka mnaloliona limeanzia pajani kwa nje likateremka mpaka huku chini ya goti, rangi yake kama zambarau iliyoiva, na pembeni limekatika wazi kama ramani, hili nimezaliwa nalo. Hii mishipa iliyojikunja hapa pembeni, huyu mtoto wa mbele anasema kama minyoo, sawa, kama minyoo, hii ilianza kutokeza nilipoanza kusimama na kutembea. Na mguu wenyewe, ngoja nivue viatu nisimame wima, si mnaona bega limeenda upande? Huu ni mrefu kuliko mwenzie kwa sentimita 3 na shavu lake ni nene. Hiki kiatu cha kulia shikeni mpitishe, soli yake imepandishwa na fundi viatu kwa vipande vya mpira wa tairi, bila hicho kiatu mgongo jioni hauniruhusu hata kuinama kuokota spana.

Baka, mishipa, na mguu uliozidi mwenzie. Hivo vitatu vikikutana kwenye mguu mmoja ugonjwa unaitwa Klippel-Trénaunay, ni majina ya madaktari wawili wa Ufaransa walioueleza mwaka 1900, mi naita Kilipeli tu ulimi usije ukapata pancha. Ni mishipa ya damu iliyoumbika vibaya toka tumboni, ile midogo ya kwenye ngozi ndo inaleta baka, ile mikubwa inayorudisha damu juu ndo hii iliyojikunja, na mara nyingi na mirija ya majimaji nayo imo, nyama na mfupa wa upande huo vinakua kupita kiasi. Mara nyingi ni mguu mmoja. Mkono mara chache.

Sasa nyie watu wa Tanga mguu mkubwa mnajua jina moja tu. Na siwalaumu, huku pwani matende na mabusha tumekua nayo, wazee wengi hapa wanakumbuka zile siku za kumezeshwa dawa mtaa kwa mtaa, unasimamishwa kwenye fimbo iliyochorwa wanakupima urefu ndo wanajua wakupe vidonge vingapi. Basi mama yangu hakukosa hata mwaka mmoja kunipanga kwenye ile foleni. Nimemeza mpaka nimechoka, mguu uko palepale. Kwasababu matende ni minyoo midogo inayoletwa na mbu, inakaa kwenye mirija ya majimaji, na inachukua miaka mingi ya kuumwaumwa na mbu mpaka mguu uvimbe, ndo maana mara nyingi unayaona kwa mtu mzima. Mtoto aliyetoka tumboni na mguu mmoja mnene wenye baka, huyo mbu amemuuma saa ngapi? Dawa za matende mezeni zikija, sijasema msimeze, mi nasema mtoto wa hivyo msimkatie hesabu ya matende mkakaa nyumbani.

Mama yangu alikuwa kibarua kwenye mkonge, mashamba ya huku upande wa Pongwe. Shule hakuenda sana lakini alikuwa na akili ambayo baadae daktari mmoja alimpigia saluti kabisa. Kila Idd ndogo baada ya swala, kabla sijavaa nguo mpya, ananisimamisha ukutani na kamba ya katani, anazungusha shavu la mguu wa kushoto anafunga fundo, anazungusha wa kulia anafunga fundo, alafu anaitundika ile kamba nyuma ya mlango pamoja na za miaka ya nyuma. Mi nilikuwa naona ananichelewesha pilau tu. Kumbe alikuwa anafuatilia kama tofauti inaongezeka au imesimama, na hilo ndo swali la kwanza daktari yeyote wa maana atakuuliza, lilianza lini na linakuaje. Mzazi anayejibu "lilikuwepo tu" anamfanya daktari aanze sifuri.

Lakini kabla ya hapo alipita pengine kama mnavojua. Ilisemwa amekanyaga kitu akiwa mjamzito, kuna mtu kamtega. Nikapelekwa kuchanjwa, nina miaka minne au mitano, nakumbuka ule wembe na nakumbuka yule mzee alivobadilika sura. Alichanja juu ya baka. Sasa baka lenyewe ni mishipa tupu, na chini yake kuna mshipa uliojaa, damu haikutoka kama chale inavotoka, ilitoka kama umefungua bomba. Mama alikunja khanga akakaa juu ya mguu wangu, yani alikaa kabisa, na uzito wake wote, kutoka saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Hili kovu hapa ndo hilo. Toka siku ile hakuna mtu aliyeuletea mguu wangu wembe, mpaka nilipofika miaka 19, na safari hii mwenye wembe alivaa koti jeupe.

Hii ndo sehemu nataka mnisikilize hata kama mmechoka. Ilikuwa hospitali moja, siitaji wala sio lazima mjue. Mishipa ilikuwa inaniuma, jioni mguu mzito kama umefungiwa tofali, nikaenda. Kijana wa watu akaangalia dakika mbili akasema hii ni verikosi, mishipa iliyolegea, tunaing'oa, njoo Jumanne. Akanipa karatasi ya kununua vifaa. Mi nikafurahi jamani, si nilitaka uondoke? Jumanne nimeshavua nguo nimeshapewa gauni, akapita mzee mmoja, daktari mstaafu aliyekuwa anakuja kusaidia, akaona baka. Akasimama. Akaniambia hebu simama, hebu vua na kiatu kingine. Alafu akamuuliza yule kijana swali moja, mishipa ya ndani umeiangalia ipo?

Kimya.

Ntawaeleza alivonieleza yeye. Damu ya mguuni inarudi juu kwa njia mbili, kuna mishipa mikubwa ya ndani kabisa katikati ya nyama, hiyo ndo barabara kuu, na kuna ya juu juu chini ya ngozi. Kwa mtu wa kawaida mwenye verikosi ukiitoa ile ya juu hakuna neno, damu inapita barabara kuu. Lakini mtu wa Kilipeli wakati mwingine barabara kuu ni nyembamba mno au hakuna kabisa, na hii mibaya ya nje unayoiona ndo inayobeba mzigo wote. Ni sawa na barabara ya Segera haipo, magari yote ya kwenda Dar yanazungukia Pangani, alafu anakuja bwana mmoja anasema mbona Pangani foleni kubwa namna hii, ifungeni. Utafunga? Magari yatapita wapi? Mguu ungevimba pakubwa kuliko mwanzo na pengine nisingeutembelea tena.

Kwahiyo nikavua gauni nikarudi kwetu na suruali yangu. Kipimo chenyewe cha kuangalia mishipa ya ndani hakina maumivu, ni ultrasaundi, ile ile ya wajawazito ila wanaitumia kusikiliza damu inavotembea. Mi ya kwangu ya ndani ipo ila imesinyaa, ukisikiliza kwenye ile mashine ya mguu mzima inavuma vuu, vuu, ya kwangu inavuma kama baiskeli yenye pumzi kidogo. Mtu yeyote akitaka kukata, kuchoma, kung'oa au kudunga sindano mshipa wa mtoto wako mwenye baka na mguu mkubwa, muulize umeangalia ya ndani. Muulize kwa adabu, shikamoo daktari, samahani, ya ndani ipo? Asipojua, vaa suruali.

Baadae nikapata rufaa ya Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha magonjwa ya ngozi toka miaka ya 90, hapo hapo wanatengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ndugu zetu wenye ualbino. Kutoka hapa ni kilomita 350 hivi. Na kwenye basi nilifanya kosa, nilikaa siti ya dirishani nikalala toka Segera mpaka Same mguu umekunjwa, nilivoshuka mshipa mmoja hapa umekuwa mgumu kama waya na unauma ukiugusa. Damu ilikuwa imeganda. Wa juu juu ule, nilipata afueni, lakini walinigombeza sana kwasababu bonge la damu likitokea kwenye mshipa wa ndani linaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu, na hilo linaua. Saivi nikisafiri nakaa upande wa korido, basi likisimama nashuka, nakunywa maji, na konda akinuna anune. Na dada zangu wenye hali kama hii, vidonge vya uzazi wa mpango vina vingine vinaongeza damu kuganda, kabla ya kumeza onyesha mguu kwanza kwa nesi, na ukishika mimba sema mapema usisubiri miezi saba.

Kule Moshi nilikaa kwenye benchi na watu wa kila aina, na nikiwa benchi mi naongea. Ndo nikajua mabaka na mauvimbe ya mishipa sio kitu kimoja. Mwaka 1982 Wamarekani wawili, Mulliken na Glowacki, walitenganisha mambo, kabla ya hapo kila kitu kilikuwa kinaitwa jina moja. Kuna vinavyoota, yani chembe za mwili zinazaliana, na kuna vilivyoumbika vibaya toka mwanzo kama wangu ambavyo haviendi popote, vinakua na mtoto mpaka uzee.

Vya kuota vile vinavyojulikana sana ni vya vichanga. Mtoto anazaliwa safi, au ana kialama kidogo tu, wiki mbili tatu kinaanza kupanda, chekundu kama nyanya kama kipo juu, kama kipo ndani kinakuwa cha bluu bluu, kinakimbia miezi mitano hivi alafu kinatulia, alafu kinaanza kusinyaa chenyewe taratibu kwa miaka. Hicho ndo cha kwetu Tanga, waja leo waondoka leo. Vingi havihitaji dawa. Isipokuwa kama kipo karibu na jicho, mdomoni, puani, kidevuni kuja shingoni mtoto anakoroma, au kimechanika kidonda, hapo usingoje kiondoke. Na dawa yake ilipatikana kwa bahati, Bordeaux huko Ufaransa, mwaka 2008 ndo waliandika, mtoto alikuwa na kivimbe puani wakampa dawa nyingine ikamletea tatizo la moyo, wakamwanzishia propranolol, ambayo ni dawa ya moyo na presha ya zamani tu, kesho yake kile kivimbe kimebadilika rangi kimelainika. Daktari Léauté-Labrèze ndo aliyeshtuka. Sasa nisisikie mtu katoka hapa kaenda duka la dawa kununua propranolol ya bibi akamsagia mtoto, inashusha sukari na mapigo ya moyo, mtoto mchanga anaweza kuzimia nayo. Inatolewa kwa uzito, na wanamwangalia.

Cha kichanga kinachotisha ni kingine, uvimbe mgumu wa zambarau unaotanuka kwa kasi na mtoto anaanza kutoka madoa ya damu mwilini. Uvimbe unakula chembe zinazogandisha damu. Walioeleza ni Kasabach na Merritt, 1940. Huyo anapelekwa usiku huo huo, hata kwa bodaboda. Na baka la usoni likipanda kwenye paji na kope waombeni waangalie macho na waulize kuhusu kifafa, maana lingine linaingia mpaka kwenye utando wa ubongo, hilo linaitwa Sturge-Weber.

Nimesema mifupa kidogo tu, na kuna mawili lazima niyaseme maana yalininyima usingizi nilipoyasikia. Moja ni Maffucci, Mtaliano wa mwaka 1881, mtu anaota vinundu vya gegedu ndani ya mifupa, hasa vidole vya mikono vinakuwa kama tangawizi, na kwenye ngozi anatoka vivimbe vya mishipa vya bluu. Hivo vinundu vinaweza kugeuka saratani, kwahiyo kikianza kukua ghafla au kuuma bila sababu usikikande na maji ya moto. La pili ni mfupa kuyeyuka. Sikutanii bwana. Boston huko, mwaka 1838, daktari Jackson aliandika habari za mtu ambaye mfupa wake wa mkono umetoweka, mkono upo, mfupa haupo. Mwaka 1955 Gorham na Stout ndo wakaonyesha kwamba ni mishipa, inajaa ndani ya mfupa na mfupa unaliwa polepole. Dunia nzima walioandikwa ni 300 hivi. Sitegemei mtu hapa anao, ila picha ya ekisirei ya mfupa ambao kila mara unaonekana umepungua, hiyo msiimalize kwa kusema amepungukiwa kalsiamu.

Kuna ndugu mwingine wa Kilipeli, Parkes Weber wa London, 1907, baka hilo hilo na mguu mkubwa hivo hivo lakini mguu wa moto, ukiweka kiganja unahisi unatetema kama kuna dinamo ndani. Hapo mshipa unaotoka moyoni umeungana moja kwa moja na ule unaorudi, na moyo unachoka kwa kupampu bure. Wekeni kiganja. Ni bure.

Sasa mama wa huyu kijana, najua upo, sikutazami. Hukukanyaga kitu. Mwaka 2015 wataalamu waliona kwenye Kilipeli kuna jini moja, jini ya kwenye chembe sio hawa wa kwetu wa mbuyuni, inaitwa PIK3CA, ndo inayoziambia chembe kukua, na mabadiliko yake yalitokea kwenye chembe moja baada ya mimba kutungwa, ikazaa zinazofanana nayo zikaenda kutengeneza mguu. Chembe nyingine zote safi. Kwahiyo haikutoka kwako wala kwa baba yake wala kwa ule ukoo mnaousema. Mi nina watoto watatu, njooni muwahesabu miguu.

Dawa ya kuondoa kabisa hakuna. Kuna inayoitwa sirolimusi, asili yake ni bakteria wa kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui huko Pasifiki, wanapewa waliopandikizwa figo, nayo inatuliza baadhi ya haya magonjwa ya mishipa. Na mwaka 2022 Marekani waliruhusu alpelisibu kwa magonjwa ya jini hii, inazuia kazi ya ile jini yenyewe. Bei zake msiniulize. Sisi tunaishi na soksi ya kubana, na joto hili la Tanga la mwezi wa pili soksi ya kubana ni jihadi, mi naivaa alfajiri kabla sijashuka kitandani maana ukishasimama damu imeshashuka, saa nane mchana naivua nanyanyua mguu juu ya ndoo ya gundi nusu saa, wateja wanadhani nimelala. Ngozi naipaka mafuta isipasuke, kwasababu kidonda kidogo kwangu kinaweza kuleta mguu mwekundu wa moto na homa, hapo ni antibiotiki siku hiyo hiyo. Na hapa kwenye kifundo nina vijiwe ndani ya mshipa, kama choroko, gusa uone, picha ikipigwa vinaonekana vyeupe. Damu iliganda zamani ikawa jiwe. Watoto wangu wanapenda kuvihesabu.

Kwa mtoto anayekua kuna jambo moja lina muda wake. Tofauti ya urefu ikiwa kubwa kuna upasuaji mdogo wa kuzuia ule mguu mrefu usiendelee kukua, mwenzie amfikie, lakini unafanyika mfupa ukiwa bado unakua, akishabalehe akamaliza kurefuka dirisha limefungwa. Mi lilinifungia. Kijana wa darasa la tatu bado lipo wazi, kwahiyo hospitali ya Bombo wiki hii mkaombe rufaa, na nendeni na vipimo mmeviandika, hata kwa kamba.

Naona bibi ameinua mkono. Anauliza kama naendesha baiskeli au natengeneza tu. Shikamoo bibi. Naendesha, Raskazone naenda na kurudi. Pedeli ya kulia nimeigandishia vipande vya tairi vitatu, nimevikata sawasawa na soli ya hiki kiatu, vimekazwa na bolti mbili kwa chini, kwahiyo miguu yote inafika bila kiuno kucheza. Huyu kijana tulimpima Alhamisi pale kwangu, yeye tofauti yake bado ni sentimita moja na nusu, na pedeli yake nimeshaikata. Imebaki bolti moja, aje Jumatatu na baiskeli.